Mkanda wa Jabari juu ya tangi la maji: kusoma anga la Nairobi kwa ramani ya nyota ya mtandaoni

Katikati ya Februari, saa mbili unusu usiku, panda juu ya paa la ploti yoyote Nairobi, tandika shuka, ulale chali. Nyota tatu zilizojipanga kama vifungo vya shati zitakuwa juu yako wima. Ya kutazama ni ile ya kati, Alnilam. Nairobi iko digrii 1 na dakika 17 kusini mwa ikweta ya dunia (dakika hapa ni sehemu ya sitini ya digrii, si ya saa), na Alnilam iko digrii 1 na dakika 12 kusini mwa ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia. Tofauti hiyo ya dakika tano haifiki hata robo ya upana wa mwezi mpevu. Kwa hiyo nyota hiyo hupita juu ya utosi wa jiji hili kila baada ya saa 24 kasoro dakika nne. Mtu wa London au wa Cape Town akeshe mwaka mzima, hataipata hapo.

Nimeanza na hilo makusudi, kwa sababu miongozo mingi ya nyota imeandikwa na watu wa mbali na kwa ajili ya watu wa mbali. Inakwambia uanze na Polaris, ile nyota ya kaskazini. Hapa kwetu utaitafuta hadi shingo ikakamae, na hutaiona, kwa kuwa imejificha chini ya upeo wa macho. Ramani ya mtandaoni inatufaa kuliko kitabu cha namna hiyo kwa sababu ukiiambia uko wapi na ni saa ngapi, inakuchorea anga la hapo ulipo.

Mimi natumia Stellarium Web, iliyoko stellarium-web.org. Ni ya bure, inafunguka kwenye kivinjari cha simu au kompyuta, na huhitaji kujisajili ili uitumie. Imetokana na programu ya Stellarium iliyoanzishwa na Mfaransa Fabien Chéreau mwaka 2000. Ziko nyingine pia. Hii naijua, ndiyo nitakayoieleza.

Hatua ya kwanza: iambie ramani uko wapi

Chini kushoto kwenye skrini kuna jina la mahali. Libonyeze, uhakikishe ni Nairobi. Hili huonekana jambo dogo hadi likuumbue. Usiku wangu wa kwanza nilimaliza nusu saa juu ya paa nikitafuta nyota ambazo ramani iliapa ziko pale pale, juu ya tangi la maji. Hazikuwepo. Kumbe kwenye simu kulikuwa na VPN, ile programu inayoficha mahali ulipo, niliyosahau kuizima, ramani nayo ikaamini niko Ulaya. Jirani aliyekuwa akianua nguo akaniuliza, "Baba Neema, unatafuta netiweki?" Nikamjibu ndiyo, kwani ilikuwa rahisi kuliko kueleza.

Kuna njia ya haraka ya kujihakikishia. Andika Polaris kwenye kisanduku cha kutafutia, uone ramani inaiweka wapi. Ikiwa iko juu angani, digrii kumi, thelathini au hamsini, basi ramani haijui kama uko Nairobi. Rudi kwenye jina la mahali, usogeze alama kwa mkono hadi ikae jijini.

Hatua ya pili: ielewe saa yake

Saa iko chini kulia, na inahesabu hadi 24. Jioni na usiku ondoa kumi na nane: 19:00 inakuwa saa moja jioni, 20:30 inakuwa saa mbili unusu. Alfajiri ongeza sita: 05:00 ni saa kumi na moja. Ukiibonyeza, utapata mishale ya kubadili tarehe na saa, na ufito wa kuvuta usiku mbele au nyuma kwa kidole.

Usiharakishe hapa. Geuza ramani itazame mashariki, kisha vuta saa mbele taratibu. Utaona nyota zikipanda moja kwa moja kama lifti. Geukia magharibi, uzione zikishuka vivyo hivyo. Mtu wa Ulaya huona zikipanda kwa mshazari, na zile za kaskazini kabisa hazizami kamwe. Sisi tulio jirani na ikweta karibu kila nyota iliyopo hutuchomozea na kututulia, kwa hiyo katika mwaka mmoja anga la kaskazini na la kusini yote mawili hupita mbele yetu.

Sasa acha saa ilivyo, ubadili tarehe tu, siku baada ya siku. Kila nyota inawahi kwa takriban dakika nne kwa siku, yaani saa mbili kwa mwezi. Ndiyo maana Alnilam inafika juu wima saa nne unusu usiku katikati ya Januari, saa mbili unusu katikati ya Februari, na ifikapo katikati ya Machi jua linapozama tayari imeshafika.

Hatua ya tatu: washa na zima

Safu ya alama iliyo chini ya skrini ni ya kuwasha na kuzima. Washa mistari ya makundinyota. Michoro ya wanyama na mashujaa izime. Inapendeza, lakini inafunika nyota zenyewe. Alama ya hewa ukiizima, utaona nyota hata mchana. Ya ardhi ukiizima, utaona yaliyo chini ya miguu yako. Kuna na ya usiku, inayogeuza skrini kuwa nyekundu. Hiyo usiisahau.

Hatua ya nne: fanya kazi ya nyumbani

Kosa la wengi ni kwenda paani na simu mkononi, kuinua kichwa, kuinamisha kichwa, kuinua tena. Mwanga wa skrini unaua macho. Jicho linahitaji kama dakika ishirini hadi thelathini gizani ndipo lianze kuona nyota hafifu, na kuchungulia simu mara moja tu kunakurudisha mwanzo.

Kwa hiyo soma ramani ukiwa sebuleni, tena kwenye WiFi kama ipo, uhurumie bando. Weka tarehe ya leo na saa utakayopanda. Chagua vitu vitatu tu, visizidi. Bonyeza kila kimoja; dirisha dogo litafunguka likiwa na umbali wake, mng'ao wake, na mahali pake angani. Mng'ao unahesabiwa kinyume na unavyodhani: namba ikiwa ndogo, nyota inang'aa zaidi. Sirius, ambayo ndiyo nyota inayong'aa kuliko zote usiku, ina hasi 1.46. Katikati ya jiji achana na chochote kilichopita 3. Ramani itakuchorea maelfu, lakini taa za mtaa zitakuachia makumi.

Mahali pa nyota panatajwa kwa namba mbili. Ya kwanza ni ya upande: 0 kaskazini, 90 mashariki, 180 kusini, 270 magharibi. Ya pili ni ya kimo: 0 ni upeo wa macho, 90 ni juu wima. Ya kimo utaipima kwa mkono wako mwenyewe. Nyoosha mkono mbele, ukunje ngumi: upana wa ngumi hiyo ni digrii 10. Shibiri, yaani kutoka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho vidole vikiwa vimetanuliwa, ni kama digrii 20. Mtoto ana mkono mfupi na ngumi ndogo, kwa hiyo kipimo chake kinalingana na cha mtu mzima. Neema alipogundua hivyo alipima hadi televisheni.

Andika vitu vyako vitatu kwenye karatasi: jina, upande, ngumi ngapi. Simu itie mfukoni.

Hatua ya tano: panda

Mwombe keateka ruhusa kwanza, umwambie unachokwenda kufanya. Mtu anayezungukazunguka paani usiku huzua maneno. Uwanja wazi usio na watu siushauri, hata kama una giza zuri. Vaa sweta, kwa sababu jiji hili liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari na baridi ya saa tatu haina utani. Taa ya mulika mwizi ikiwa karibu, kaa mahali ambapo tangi au ukuta wa ngazi utaikinga isikupige usoni. Huwezi kuizima, ila unaweza kujificha kivulini mwake.

Kisha jua kaskazini iko wapi. Dira ya simu hudanganywa na mabati na nondo za paa, basi usiitegemee peke yake. Kumbuka mahali jua lilipochwea jioni hiyo. Huo ni upande wa magharibi. Ukilielekea, kaskazini iko mkono wa kulia. Kama paa lako linaona mbali, milima ya Ngong iko kusini-magharibi, na ndege zinazoshuka uwanja wa Jomo Kenyatta ziko upande wa kusini-mashariki. Hizo ndege zitakuchanganya mara ya kwanza: taa inayokuja moja kwa moja kuelekea kwako huonekana imesimama tuli kama Zuhura. Subiri dakika moja.

Safari ya kwanza: anzia mkandani

Kati ya Januari na Machi huna haja ya kutafuta pa kuanzia. Zile nyota tatu za juu wima ni mkanda wa Jabari, ambaye ramani imemwandika Orion. Mintaka, ya kwanza, maana yake kwa Kiarabu ni mkanda. Alnilam inatokana na neno la Kiarabu la lulu zilizotungwa uzini, na shina lake ndilo lililotupa nidhamu. Zitazame zilivyojipanga, utakubali.

Ngumi moja kaskazini mwa mkanda kuna nyota yenye wekundu, Betelgeuse. Ngumi moja kusini kuna nyeupe yenye ubuluu, Rigel. Rangi hizo zinaonekana kwa macho matupu hata Nairobi, na tofauti yake ni ya joto: nyekundu ndiyo baridi zaidi, kinyume cha mabomba ya bafuni.

Fuata mstari wa mkanda kuelekea kusini-mashariki kwa shibiri moja hivi. Nyota kali inayometameta ni Sirius. Mwanga wake umesafiri miaka 8.6 kabla ya kukufikia, kwa hiyo unaouona leo uliondoka huko mtoto wa darasa la tatu akiwa hajazaliwa au yuko mgongoni. Chini yake, upande wa kusini, kama ngumi nne juu ya upeo, ni Canopus, ya pili kwa kung'aa angani. Kiswahili kinaiita Suheli, na mabaharia wa Pwani wametumia jina hilohilo kwa maana ya kusini. Msomaji wa Ulaya ya kaskazini haioni kabisa.

Sasa rudi mkandani, ufuate mstari upande wa pili, kaskazini-magharibi, shibiri moja tena. Nyota ya rangi ya machungwa ni Aldebaran, jina la Kiarabu lenye maana ya mfuasi. Inamfuata nani? Ongeza ngumi moja na nusu mbele yake utaona kifungu kidogo cha nyota kama wingu lililoganda. Hicho ndicho Kilimia.

Kilimia, na kwa nini inafaa kuvuta tarehe

Wahenga walisema: kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Nilikariri methali hiyo shuleni bila kujua inazungumzia kitu kinachoonekana. Ramani ndiyo iliyonifungua macho, na unaweza kujionea kwa dakika tano.

Weka saa 19:30, yaani saa moja unusu jioni, tarehe 1 Aprili. Tafuta Pleiades, jina ambalo ramani inalitumia kwa Kilimia. Kitakuwa upande wa magharibi, bado kina kimo kizuri. Sasa sogeza siku moja moja, saa usiiguse. Kila jioni kinashuka kama digrii moja. Katikati ya Aprili kimebaki ngumi mbili. Mwanzoni mwa Mei kimemezwa na mwanga wa machweo, na hapo ndipo masika yamekolea. Endelea kusogeza: wiki kadhaa hakionekani jioni wala alfajiri, kwa sababu Jua limekaa upande wake. Badilisha saa iwe 05:15 na tarehe iwe katikati ya Juni, uelekeze ramani mashariki. Kilimia hicho kimechungulia kabla ya mapambazuko, mvua ndefu zikiwa zimekwisha. Kimezama kwa mvua, kimezuka kwa jua.

Jina lenyewe linatokana na kulima. Mkulima aliyekisoma hakuwa na skrini, ila alikuwa na upeo wa macho usiozibwa na ghorofa.

Ukikipata kwa macho, hesabu nyota zake. Wengi huhesabu sita. Nairobi mimi huishia nne, tano nikibahatika.

Mei: Dubu na Salibu usiku mmoja

Huu ndio usiku ninaoungoja kuliko mingine, ingawa mara nyingi mvua huniharibia. Kwa bahati, mvua ikishanyesha na kuacha, vumbi huwa limeoshwa na anga huwa safi kuliko siku kavu. Nusu ya pili ya Mei, saa tatu usiku, simama ukitazama kusini. Ngumi tatu hivi kutoka chini utaona nyota nne za msalaba. Ni Salibu, kwenye ramani Crux. Kushoto kwake nyota mbili kali. Iliyo mbali zaidi na msalaba ni Alfa ya Centaurus, mfumo wa nyota ulio jirani yetu kuliko wote, umbali wa miaka ya nuru 4.4.

Geuka nyuma uelekee kaskazini. Kwa kimo kilekile karibu, kuna nyota saba za Dubu Mkubwa, Ursa Major, zikiwa kama upawa uliopinduliwa. Kwenye ramani bonyeza Dubhe upande wa kaskazini, halafu Acrux upande wa kusini, ulinganishe kimo cha juu kabisa ambacho kila moja hufikia: 27 na 28. Jiji lako limesimama karibu katikati kabisa. Wa kaskazini hutumia Dubu kutafuta kaskazini, wa kusini hutumia Salibu kutafuta kusini, na wewe una vyote viwili. Unageuza shingo tu.

Juni hadi Agosti sitasema mengi. Mawingu ya msimu wa baridi huziba Nairobi usiku baada ya usiku, wakati Nge mwenye moyo mwekundu, Antares, yuko mahali pazuri kabisa. Ukipata nafasi ya kwenda barabara ya Magadi, kupita Kiserian na kushuka Kona Baridi, nenda na kundi, nenda siku ambayo mwezi haupo. Njia Nyeupe, yaani Milky Way, utaiona bila kuambiwa iko wapi.

Vya kutafuta usivyoweza kuviona

Usiku wa mawingu ramani bado ina kazi. Andika Cygnus X-1. Itakupeleka kwenye nyota hafifu isiyoonekana kwa macho, na kando ya nyota hiyo kuna shimo jeusi, ambalo hata mwanga hautoki ndani yake. Setilaiti iliyofanya watu walitilie maanani ilirushwa Desemba 12, 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza kutengenezwa kwa ajili ya kuchunguza eksirei za angani peke yake, na kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, ikaitwa Uhuru.

Kisha jaribu GJ 1214, kwenye kundinyota la Ophiuchus, umbali wa miaka ya nuru 48 hivi. Ina sayari iliyogunduliwa mwaka 2009. Mwaka 2023 nyota hiyo na sayari yake zilipewa rasmi majina ya Kimaasai yaliyopendekezwa kutoka Kenya: nyota ni Orkaria, ule udongo mwekundu wa kujipaka, na sayari ni Enaiposha, maji mengi. Aliyepita Naivasha atalisikia jina hilo.

Stima zikipotea

Usiwahi mshumaa. Kama mtaa mzima umezimika, panda haraka, kwa sababu hujui umepewa dakika ngapi. Washa ile skrini nyekundu, angalia mara moja nini kiko juu, kisha ufunge simu. Usiku mmoja wa namna hiyo ndipo nilipokiona Kilimia kikiwa na nyota sita. Watu wa ploti walikuwa wametoka kwenye korido wakilalamika, na yule jirani wa nguo akapanda kuangalia kama mitaa mingine ina taa. Nilimwonyesha Suheli. Akaniuliza kama ndiyo ile netiweki.

Na tarehe moja ya kuiweka kwenye ramani sasa hivi: Agosti 2, 2027, mchana. Siku hiyo Mwezi utalifunika Jua lote huko Luxor, Misri, kwa zaidi ya dakika 6; Nairobi litamegwa sehemu tu. Tafuta Jua, likuze hadi lijae skrini, kisha vuta saa mbele polepole kuanzia 12:00 uone linavyomegwa na linavyorudi. Andika saa hizo mahali. Siku yenyewe usilitazame Jua kwa macho matupu, kwa miwani ya kawaida wala kupitia kamera ya simu. Tafuta miwani maalumu ya kupatwa mapema, au toboa tundu dogo kwenye karatasi ngumu, ulipe Jua kisogo, uache mwanga upite tunduni hadi kwenye karatasi nyingine nyeupe.